Harusi Ipambwe kwa Mikono, Si kwa Mikopo

Kumezuka miongoni mwetu ada mpya ya harusi ambayo yafaa iangaliwe kwa jicho kali. Vijana wawili wakishakubaliana kuoana, swali la kwanza wanaloulizwa na kamati ya harusi si iwapo mahari yametolewa, wala si wataishi wapi baada ya sherehe. Wanaulizwa, "Themi yenu ni gani?" Nao aghalabu hujibu kwa kutaja rangi mbili: zambarau na dhahabu, ama buluu na fedha. Hapo ndipo kalamu inaposhikwa na bajeti kuanza kuandikwa. Mahema yenye mapazia ya hariri bandia, viti vilivyovishwa nguo na kufungwa utepe mgongoni, maua ya plastiki, jukwaa la maarusi, tao la kupigia picha. Ukurasa unapofika mwisho, jumla yake humfanya bwana harusi ameze mate makavu, na usiku huohuo akaanza kupekua simu yake akitafuta mkopo.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na walimu wa isimu tuna tabia ya kulisimamisha neno njiani na kuliuliza litokako na liendako. Hili neno "themi" lina maana gani vinywani mwetu? Wanafunzi wa sekondari hufundishwa katika somo la fasihi kutofautisha maudhui na dhamira. Maudhui ni jumla ya mambo yanayozungumzwa katika kazi ya sanaa. Dhamira ni lile kusudi linalomsukuma msanii kuyazungumza. Mwanafunzi akiulizwa dhamira ya tamthilia fulani kisha akajibu "zambarau na dhahabu", hapati hata nusu alama. Iweje basi jibu ambalo halipiti katika karatasi ya mtihani lipite katika jambo zito kama ndoa?

Nionavyo mimi, harusi yenye dhamira ya kweli hupambika kwa fedha chache, kwa sababu dhamira huwaambia wenye harusi wachague nini na waache nini. Isitoshe, pambo lililofanywa kwa mikono ya jamaa na majirani huwapa maarusi vitu viwili visivyokodishwa katika duka lolote. Kimoja ni watu, na cha pili ni maneno.

Kabla sijaendelea, niondoe dhana moja. Wapo wanaoamini kwamba pambo la mkono ni la mtu duni na kwamba ustaarabu wa harusi umo katika vitu vilivyonunuliwa. Hawa hupenda kuitolea mfano harusi ya gauni jeupe, ambayo ilipata umaarufu mkubwa baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa vazi jeupe mwaka 1840. Wanalosahau ni kwamba kimia kilichopamba gauni lile kilifumwa kwa mkono na wanawake wa vijijini katika jimbo la Devon, na malkia alikitaka kimia cha kwao hasa ili kazi ya mafundi hao isife. Hata harusi hiyo tunayoiga, basi, ilijivunia vidole vya watu wa nyumbani kwao. Sisi tumeiga rangi tukaacha busara.

Nitatoa mfano ninaoujua vyema. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mchumba wake pia ni mwalimu. Walipopanga harusi yao nyumbani kwetu Kilifi, katika likizo ya Desemba, mpambaji mmoja wa kukodiwa aliwatajia Sh95,000 kwa wageni 150. Bei hiyo ilikuwa ya mapambo pekee, pasipo kuhesabu chakula wala mavazi. Binti alinijia akiwa amenywea. Nikamuuliza swali moja tu: "Mama, harusi yako inataka kusema nini?" Akafikiri siku mbili, kisha akaniletea jibu: mkeka.

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani mwenyewe. Mkeka hauanzi ukiwa mkeka. Huanza kwa majani ya mkoma au mkindu yaliyokatwa, yakaanikwa juani, yakachanwa kuwa chane nyembamba. Chane hutiwa maji kidogo ili zilainike, kisha husukwa zikawa utepe mrefu uitwao ukili. Ukili peke yake haukaliwi na mtu. Unaposhonwa ubavu kwa ubavu, safu baada ya safu, ndipo watu wanapopata pa kuketi, pa kulala na pa kupokelea wageni. Dhamira ya ndoa gani ipatikane iliyo bora kuliko hiyo? Wawili wanaoshonwa pamoja wawe mahali pa kuwakaribisha wengine.

Mara tu dhamira ilipojulikana, maswali mengine yote yalijijibu. Rangi zilikuwa zile za ukili wenyewe: umanjano hafifu wa jani lililokaushwa, na wekundu wa jani lililochemshwa katika rangi. Maua ya plastiki yakafutwa. Mapazia ya hariri bandia yakafutwa. Yakabaki mambo manne: ukili, leso, majani mabichi na taa.

Ukili tuliununua kwa akina mama wasukaji, pima 20 kwa ujumla. Kwa vijana wasioijua pima, ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa huku na huku. Ukili huo ulizungushwa kwenye nguzo za hema na mwingine ukapitishwa juu ya meza ya maarusi. Haukukatwa mahali popote, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye.

Leso zilitoka Mombasa, katika mtaa wa Biashara, ambao sifa yake katika biashara hiyo haihitaji kupigiwa debe. Leso huuzwa mbilimbili, na jozi hiyo huitwa doti. Kila moja ina urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa takriban mita moja. Tulihitaji meza 15 za wageni na moja ya zawadi, hivyo doti nane zikatosha, leso moja katikati ya kila meza juu ya shuka nyeupe za kuazima. Nyuma ya viti vya maarusi, doti tatu zilitundikwa wima katika safu mbili, leso tatu juu na tatu chini, zikawa ukuta wa mita tatu kwa tatu. Pazia la kukodi lisingeweza kushindana na ukuta huo.

Hapa natoa tahadhari kwa atakayefuata njia hii. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi yaliyopo chini ya mji. Jina la leso ni usemi kamili, na si kila usemi unafaa harusini. Zipo leso za dua na za shukrani, lakini zipo pia za vijembe, zilizokusudiwa jirani mwenye wivu au mke mwenza. Mtu anayenunua kwa kutazama rangi peke yake anaweza kumtundikia mama mkwe matusi ya mafumbo mbele ya wageni 150. Tulimpa kazi ya kuchagua shangazi mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 70, naye alisimama dukani asubuhi nzima akisoma jina moja baada ya jingine kama mtahini anayesahihisha insha.

Majani yalikuwa ya bure. Makuti mabichi mawili yaliyoinamishwa yakakutana hufanya tao zuri la lango, na vijana wa nyumbani waliyasuka kwa dakika chache. Siri yake ni wakati. Kuti likikatwa siku mbili kabla, hunyauka na kujikunja. Likikatwa alfajiri ya siku yenyewe na kunyunyiziwa maji, hufika usiku lingali kijani. Asumini nazo zina saa yake. Huchumwa alasiri zingali tumba, hutungwa kwa sindano na uzi kuwa makoja, na jua likishatua hufunguka zikiwa tayari shingoni mwa mvaaji. Kwa kuwa karamu yetu ilikuwa ya jioni, harufu yake ilifika pamoja na wageni. Bibi harusi alivaa pia kikuba cha mrihani, kama alivyovaa bibi yake.

Taa zilikuwa mitungi ya kioo iliyobaki jikoni baada ya jamu na asali kuliwa, iliyokusanywa kwa majirani kwa muda wa miezi miwili. Kila mtungi ulifungwa kipande cha ukili mwembamba kiunoni, ukatiwa mchanga vidole viwili, na mshumaa ukasimamishwa ndani ya mchanga huo. Mchanga huushika mshumaa usianguke. Ni sharti ulimi wa moto ukae chini ya mdomo wa mtungi, na mitungi isiwekwe karibu na makuti, maana majani makavu hayajui kwamba ni siku ya furaha.

Sasa tuje kwenye hesabu. Doti 11 kwa Sh600 zilikuwa Sh6,600. Ukili ulitugharimu Sh4,500. Uzi, sindano, mishumaa na rangi, Sh1,800. Usafiri, Sh2,500. Chai na chakula cha waliofanya kazi, Sh6,000. Jumla yake ni Sh21,400, ambayo haifiki hata robo ya bei tuliyotajiwa mwanzoni. Na hapo kumbuka kwamba mapambo ya kukodi huondoka na mwenyewe usiku uleule. Yetu yalibaki. Leso zote 22 ziligawiwa siku ya pili kwa wale waliofanya kazi, wa kwanza wakiwa mama wawili wa maarusi. Mitungi ilirudi jikoni. Na ule ukili wa pima 20 ambao haukukatwa ulipelekwa kwa mshonaji, ukashonwa ubavu kwa ubavu, nao sasa ni mkeka sebuleni mwa walimu wale wawili. Huko ndiko kupamba kwenye dhamira.

Msomaji wa bara asidhani haya ni mambo ya Pwani tu. Kila mahali pana jani lake na fundi wake. Magharibi mwa nchi, migomba mizima iliyosimamishwa pande mbili za lango imewapokea wageni wa harusi kwa miaka mingi. Ukambani na Ugikuyuni kuna vyondo vya katani, ambavyo vikitiwa matunda huwa pambo la meza na baadaye huwa zawadi. Kwa Wamaasai kuna shanga, na kila mpangilio wa rangi zake una mambo ya kusema. Pasipo asumini, karatasi laini hufanya kazi. Karatasi tano au sita hupangwa moja juu ya nyingine, zikakunjwa huku na huku mfano wa upepo, zikafungwa uzi katikati, ncha zikakatwa mviringo, kisha kila karatasi ikavutwa juu taratibu mpaka ua likachanua. Mtoto wa miaka minane anaweza kufundishwa kazi hiyo kwa nusu saa.

Nimesema pambo la mkono hutupa maneno. Niruhusiwe kulieleza hilo, kwa kuwa ndilo linalonikosesha usingizi. Muhula mmoja niliwaandikia wanafunzi wangu wa mwaka wa pili maneno haya ubaoni: chane, ukili, shupatu, pakacha, kawa, kikuba, koja. Hawa ni vijana wanaosomea Kiswahili, ambao kesho watakuwa walimu. Koja walilijua wachache. Kawa lilidhaniwa ni kitenzi. Aliyeyajua yote alikuwa mmoja, msichana kutoka Kwale, na alipoulizwa aliyajulia wapi hakutaja kitabu. Alisema, "Nilikuwa nikikaa na bibi akisuka."

Maneno hayo yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1981. Lakini kamusi ni ghala, na nafaka ya ghalani isipopandwa hailishi kizazi kijacho. Neno la kazi huishi mkononi kabla ya kuishi mdomoni. Mtu hawezi kukumbuka tofauti ya jamvi na mkeka ikiwa vyote viwili amevikuta picha kitabuni. Tazama pia lililolipata neno "mpambe". Zamani lilikuwa jina la heshima la yule anayeandamana na bibi harusi kumpamba na kumtunza. Leo lisomeke gazetini, msomaji humwona mara moja mtu wa kumpigia mwanasiasa makofi. Tumeacha kupambana kwa mapambo, basi mpambe amehamia siasani kutafuta kazi.

Ipo pingamizi moja ambayo naiheshimu. Wasomi wenzangu wa kike wameniambia, na wana haki, kwamba sifa za "kazi ya mikono ya jamaa" mara nyingi huficha kazi ya bure ya wanawake. Harusi huwa nafuu kwa sababu shangazi hakulipwa. Jibu langu ni la masharti matatu. Kwanza, msukaji wa ukili alipwe bei yake bila kupunguziwa, kwani yeye anauza riziki. Pili, wanaume washike sindano. Huko Kilifi, bwana harusi na marafiki zake ndio waliofunga ukili kwenye mitungi yote, na mitungi haikuvunjika. Tatu, wanaojitolea walishwe vizuri na warudi nyumbani na kitu. Ujima wa kweli una zamu, leo kwako na kesho kwangu. Usio na zamu ni utumwa uliovishwa kanzu ya mila.

Wengine watauliza habari za wapambaji wa kukodiwa, ambao nao ni vijana wanaotafuta riziki. Sina ugomvi nao. Mwenye uwezo na amwajiri mpambaji, na mpambaji mwerevu atajifunza kufanya kazi na wasukaji. Ninaowasemea ni wale wasio na uwezo, ambao wanaanza ndoa wakidaiwa fedha za mapazia yaliyokwisha kurudishwa ghalani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua aina tano za ndoa katika nchi hii: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Hakuna hata moja inayoshurutisha tao la plastiki. Tena tangu Agosti 2017 tumepiga marufuku mifuko ya plastiki, na tangu Juni 2020 haturuhusiwi kuingia na plastiki za kutumia mara moja katika fuo, misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Nchi iliyochukua hatua hizo haifai kuona aibu kwa kuti na ukili.

Namalizia kwa walimu na wanafunzi, ambao ndio wasomaji wa ukurasa huu. Sisi tuliopitia shule ya msingi katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, tulifundishwa sanaa na ufundi na kuleta darasani vikapu tulivyosuka. Wengine walileta vilivyonunuliwa sokoni, na mwalimu alivijua. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirejesha kazi ya mikono mezani, lakini malalamiko ni yaleyale. Mzazi ananunua, mtoto anawasilisha, mwalimu anatia alama, na vidole vya mtoto havikugusa kitu.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kulitibu jambo hili kwa somo moja. Awatume wanafunzi wake kwenye harusi ya jirani mwezi huu, si kwa ajili ya biriani tu. Kila mmoja akae karibu na mtu anayesuka, anayetunga au anayeshona, amsaidie kazi kwa saa moja, na arudi na maneno matano asiyoyajua pamoja na kitu kimoja alichokitengeneza. Orodha hizo zikiunganishwa, shule itakuwa na faharasa ambayo hata sisi wa vyuo vikuu tutaihitaji. Wanafunzi nao watakuwa wamejifunza stadi itakayowafaa siku yao ikifika.

Kwa vijana mnaochumbiana sasa nina ombi moja. Kamati ikiwauliza themi yenu, msikimbilie kutaja rangi. Ombeni siku mbili mkafikiri harusi yenu inataka kusema nini, kisha mkamuulize bibi yenu angelisema hivyo kwa jani gani.